Chumba cha Mita Nne na Kumi na Nane

Tarehe 2 Machi

Kipande, mwanangu,

Salamu utazikuta mwisho, kwanza nikujibu. Siji. Wewe umeandika mara mbili na kaka yako mara moja, na jibu ni lile lile, siji, mtu mzima hahamishwi kama kabati. Nina nyumba yangu. Nimetandika zulia mwenyewe vyumba vitatu na ukumbi na mpaka leo hakuna aliyeona mshono. Nimetandika hoteli ya ghorofa sita, nimetandika benki, nimetandika nyumba ya jaji, na yule jaji alivaa miwani akatambaa kwa magoti kutafuta mahali nilipounganisha, akakosa, akasema fundi wewe una mkono wa peke yako. Mtu kama huyo anaambiwa aende akakae kwa mtoto.

Simu usihangaike nayo. Simu ilikuwa ya mama yako, yeye ndiye aliyekuwa anapokea. Nimeizima iko kwenye droo.

Umeuliza nakula nini. Nakula mkate na chai, na chai napika mwenyewe. Jirani wa mlango wa kijani alikuwa ananiletea chakula kwenye bakuli lenye mfuniko tangu tulipozika, lakini nimemfukuza. Futi ya mama yako haionekani, ile ya njano ya kupimia nguo. Miaka yote ilikuwa inaning'inia kwenye msumari karibu na cherehani, watu walipotawanyika baada ya mazishi nikakuta msumari mtupu. Nimetafuta chini ya makabati, nimepekua vikapu, nimefungua hata debe la unga. Aliyekuwa anaingia na kutoka humu ni huyo jirani peke yake. Nikamwendea mlangoni kwake nikamwambia rudisha futi. Akaniangalia tu. Jioni akaja akachukua bakuli lake, hajarudi tena. Mwizi akibanwa hunyamaza.

Si kwamba naihitaji, nina futi tatu za chuma. Ila kitu kina mahali pake.

Mimi mzima. Siumwi, sisikii njaa, sisikii chochote. Kukicha naamka, kukichwa nalala. Salamu ndizo hizo.

Baba yako,
fundi wa mazulia asiye na mshono


Tarehe 8 Machi

Baba, shikamoo.

Nimekuelewa. Sitakuandikia tena habari ya kuja.

Nina swali la kazi. Kile chumba changu cha nyuma nimeamua kukipangisha. Mpangaji ni mtu mzima, hapendi baridi ya vigae miguuni, anataka zulia kutoka ukuta hadi ukuta. Nimepima. Upana ni mita nne na sentimita kumi na nane, urefu ni mita tano na ishirini na mbili. Fundi wa huku anasema roli la zulia la dukani lina upana wa mita tatu, kwa hiyo lazima aunganishe kipande, na mshono utapita mbele ya mlango. Anasema atabana vizuri hata haitajulikana. Anasema pia vyumba vyote viko hivyo siku hizi. Sijui kama ni kweli au ananiona mwanamke. Wewe ungefanyaje?

Kuhusu futi, labda itaonekana. Jirani usimseme vibaya, tafadhali, alikuwa na mama mpaka siku ya mwisho.

Mimi naenda kazini, narudi. Watu wananipa pole, nasema asante.

Kipande


Tarehe 8 Machi

Kaka,

Mzee amekataa tena. Jirani wa mlango wa kijani amenipigia simu. Anasema Mzee alianguka bafuni mwezi uliopita, akakaa sakafuni tangu asubuhi mpaka jua la mchana, yeye ndiye aliyemwinua. Tangu siku hiyo anaburuta mguu wa kushoto na hataki mtu ajue. Sasa na jirani mwenyewe amemfukuza, kwa hiyo akianguka tena hakuna atakayejua. Hawezi kubaki peke yake kwenye ile nyumba, Kaka. Lazima aje, na kwa nguvu haji.

Nimemdanganya. Nimemwambia chumba ni cha mpangaji na nimemwomba ushauri wa zulia. Unamjua, akiulizwa zulia hawezi kunyamaza. Akishaanza kukipanga chumba kichwani mwake, nadhani atakuwa ametia mguu mmoja ndani. Sina wazo lingine.

Kuna jambo jingine nimelifanya, nitakuambia siku nikiweza. Kwenye mazishi wewe ulilia, nakuonea wivu. Mimi bado.

Mdogo wako


Tarehe 14 Machi

Kipande,

Huyo fundi wako mwambie aache mazulia akauze vitunguu, huko hata akikosea watu watakula. Kaa chini usome polepole, maana haya hayaandikwi popote, yako kichwani mwangu tu.

Roli hutoka kiwandani na upana wake. Lipo la tatu, lipo la nne, lipo la tano, na haliongezeki hata ukililia. Urefu utakata upendavyo, upana huna hiari nao. Kwa hiyo chumba ndicho kinachobembeleza roli. Wajinga wanapima chumba wakadhani wamemaliza. Nenda dukani mwambie mwenye duka akutolee roli la mita nne. Atasema halipo. Lipo, limelala nyuma chini ya mengine, ni zito na hataki kuwachosha vijana wake.

Sasa ukilinyoosha roli la nne kufuata urefu wa chumba chako, ukutani inabaki sentimita kumi na nane. Kipande chembamba hivyo hakikai. Mwezi wa pili kimeinuka kama ulimi wa mbwa. Ukiligeuza likate chumba, linafunika mita nne za urefu, inabaki mita moja na ishirini na mbili, hicho ni kipande chenye adabu, lakini mshono unavuka chumba kizima. Hapo sasa ndipo fundi anajulikana.

Mshono ukimbie kuelekea dirishani. Ukiukingamisha, mwanga unaupiga ubavuni unatoa kivuli, utauona kama kovu kila asubuhi. Mlangoni usipite, maana mlangoni kila mguu unageuka na mguu unaogeuka unasaga. Na manyoya ya zulia yalale upande mmoja vipande vyote. Ukigeuza kimoja, hata uunganishe vipi, nusu ya chumba itaonekana kama imemwagiwa maji. Nilimwona fundi mmoja aliyesoma chuo akifanya hivyo kwenye ofisi kubwa, nikacheka mpaka nikatolewa nje. Mimi kosa sijafanya maishani. Mara moja tu, na lile lilikuwa la karani.

Na kuna jambo ambalo hata mwanao ukimzaa leo mfundishe. Mimi kabla sijafungua futi namwambia mwenye chumba, tembea. Amka kitandani, nenda chooni, nenda dirishani, toka nje. Wengine wanaona aibu, wanacheka. Namwangalia miguu. Nikishaiona miguu yake najua mshono usipite wapi. Kwa hiyo mtembeze huyo mpangaji, uniandikie anapita wapi na anakanyaga vipi.

Halafu hesabu vigae vya sakafu, kimoja kimoja, upana na urefu, uniandikie na ukubwa wake. Simwamini mtu aliyepima mara moja, hata akiwa mwanangu. Kigae hakina haraka.

Mvua ilinyesha nikasahau madirisha, zulia la ukumbini likalowa. Limekauka. Mama yako ndiye aliyekuwa anafunga madirisha.

Baba yako,
aliyemshinda jaji


Tarehe 19 Machi

Baba, shikamoo.

Roli la nne lipo. Lilikuwa nyuma chini ya mengine, na mwenye duka alisema kwanza halipo, neno kwa neno kama ulivyoandika. Nilikaribia kucheka.

Mlango uko kwenye ukuta mfupi na dirisha limetazamana nao. Choo kiko kulia ukiingia. Mpangaji atakuwa anatoka kitandani kwenda chooni, hasa hiyo, na mara mojamoja dirishani. Mguu wa kushoto hauinui sawasawa, anauburuta kidogo. Ndiyo maana mshono unanipa hofu. Ncha ikiinuka atajikwaa, na akianguka labda mimi sipo nyumbani.

Vigae ni vya sentimita thelathini kila upande. Upana ni vigae kumi na mbili vizima na kimoja kilichokatwa, nimekipima kwa rula, kina ishirini na nane. Urefu ni kumi na sita na ukanda wa sentimita mbili.

Fundi anasema tarehe thelathini na moja anakata, tukubaliane au atafute kazi nyingine. Ananiuliza nani huyo ninayemwandikia barua kwa ajili ya zulia. Nimemwambia ni mtaalamu.

Kipande


Tarehe 24 Machi

Kipande,

Mzuie huyo mtu asikate.

Nimekaa na barua yako tangu juzi. Nimehesabu nyuma ya kalenda mara nne, mara ya nne nikahesabu kwa njugu mezani nisije nikadanganywa na kalamu. Vigae kumi na mbili vya thelathini na kile cha ishirini na nane ni mita tatu na themanini na nane. Wewe uliandika nne na kumi na nane. Imezidi thelathini. Urefu, vigae kumi na sita na ule ukanda ni nne na themanini na mbili, wewe uliandika tano na ishirini na mbili. Imezidi arobaini.

Fundi mwingine angesema umekosea tu. Mimi nikajiuliza kwa nini huku thelathini kamili na huku arobaini kamili. Mtu akikosea hakosei kwa kamili. Nikafikiri, ni futi fupi, ya mita moja na nusu, ambayo kwa upana unailaza mara tatu na kwa urefu unailaza mara nne. Na kila ukiilaza inakudanganya kumi.

Iko futi moja tu duniani inayodanganya kumi. Ilichakaa ncha mwaka ulipoanza kutembea, mama yako akaikata kwa mkasi, ikawa inaanzia kumi. Nikamwambia nitakununulia nyingine. Akasema ya nini, nitakuwa natoa kumi. Akatoa kumi maisha yake yote na hakuna aliyewahi kurudisha gauni kwamba linambana.

Sikuandiki kukugombeza. Nilisimama na barua nikingoja hasira ije, haikuja. Nikakaa. Nikaangalia ule msumari, nikaangalia mlango wa kijani ng'ambo. Hasira haikuja, na kingine chochote hakikuja.

Chumba hakina mshono. Roli ni nne, chumba ni tatu na themanini na nane, zinabaki kumi na mbili, sita kila ukuta, ndizo za kupunguza kwa kisu. Mwenye duka akukatie mita tano za urefu. Kipande kimoja, mlangoni hadi dirishani. Mtu wa kuburuta mguu atapita humo hata akiwa amefumba macho.

Na huo mguu wa kushoto nimeuona. Usidhani sikuuona.

Umeichukua lini?

Baba yako


Tarehe 29 Machi

Baba,

Siku ya mazishi. Wanawake walikuwa wanaosha vyombo nje, nikaingia chumba cha cherehani, nikaitoa kwenye msumari nikaitia mfukoni. Sikufikiri chochote. Mkono ulikwenda. Nilitaka kukuambia kwenye basi nikirudi, nikasema nitaandika. Halafu ukaandika habari ya jirani. Siku ile ile nilitakiwa kusema. Niliona aibu, na kila barua niliyoandika baada ya hapo ilifanya ijayo iwe nzito zaidi.

Kwamba inaanzia kumi nilijua, Baba. Si kwamba sikujua. Lakini aliyekuwa anatoa kumi ni yeye. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika ncha.

Mpangaji hayupo. Chumba ni chako. Jirani aliniambia ulivyoanguka, ndiyo maana. Kaka anajua. Nilikuahidi sitaandika tena habari ya kuja, na sasa nimeandika, nisamehe na hilo pia. Usipokuja nitatandika zulia na kitabaki hivyo hivyo, sitampa mtu.

Fundi nimemzuia. Amenuna, anasema huyo mtaalamu wako anatuchelewesha.

Nipo tu. Nilidhani nikishaandika haya nitalia, nimeandika mpaka hapa na macho ni makavu.

Kipande


Tarehe 7 Aprili

Kipande, mwanangu,

Barua yako ilifika Jumatatu, nimekujibu leo kwa sababu kulikuwa na kazi kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa mlango wa kijani. Mita kumi na moja kutoka kwangu, nilizipima zamani kwa jambo jingine, na Jumatatu zilinishinda. Nilifika katikati nikajifanya naangalia mfereji. Jumanne vilevile. Jumatano nikagonga. Mimi magoti yangu yanajua kupigwa kwa kazi tu, kwa radhi hayajazoea. Nikasema jirani, futi imeonekana, iko kwa binti yangu, na mimi nilikuita mwizi mbele ya mlango wako.

Akasema, "Najua iko kwake. Nilimwona akiitoa."

Nikamuuliza mbona siku ile hukusema, ukaniachia nikutukane mpaka watu wakachungulia.

Akasema, "Mzee, ulikuwa umezika mkeo juzi tu. Ningekuambia nini? Kwamba mwizi ni mwanao?"

Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Baadaye akaniambia nivute kiti, akanipakulia. Nilikula chote. Ladha sikuisikia, sikufichi, lakini nilikula chote, na sahani nikaiosha mwenyewe ingawa alinikataza, maana mimi kuosha vyombo pia ni hodari. Akauliza mguu ukoje. Nikasema unaburuta. Ni mara ya kwanza kulisema hilo kwa mdomo wangu.

Sasa sikiliza. Nakuja tarehe kumi na tisa, basi la asubuhi. Niliandika siji mara tatu na hii ya nakuja naiandika mara moja, isome kama ilivyo. Watu wakiuliza nitasema ulinibembeleza, na wewe useme hivyo hivyo. Ufunguo wa nyumba nimempa jirani, hakuna ninayemwamini zaidi katika mtaa huu, na madirisha atakuwa anafunga.

Huyo fundi asiguse kitu. Mwambie mtaalamu anakuja. Zulia liingizwe chumbani siku moja kabla, lifunguliwe, lilale, lizoee chumba, maana likitoka kwenye roli lina mkunjo kama mtu aliyetoka safari. Sponji ya chini itangulie, na usiibanebane. Kusukuma zulia ukutani ni kwa goti la kulia, na goti langu la kulia ni zima kabisa. La kushoto litakaa tu likiangalia. Wewe utashika ncha. Nitakata nikianzia dirishani kuja mlangoni, na ukiona mkono unatetemeka usiniambie, nyamaza, utaacha wenyewe.

Kuhusu mpangaji, nilijua tangu barua ya kwanza. Hakuna mwenye nyumba anayemhangaikia mpangaji kiasi hicho. Nilikuacha uendelee kwa sababu ulikuwa unauliza maswali mazuri.

Futi kaa nayo. Ila ukipima utoe kumi.

Jambo moja la mwisho, kabla hujanunua. Kitanda kisiwe kikubwa. Najua utataka kunifanyia heshima, usifanye. Mama yako alikuwa analala katikati, tangu alipoingia nyumba hii, na mimi ukingoni, miaka arobaini na mbili nikingojea kuanguka. Sasa kitanda chote ni changu na kila nikiamka najikuta ukingoni. Nimejaribu katikati, nimeshindwa. Cha mtu mmoja kitanitosha.

Baba